Kazi ya moyo ina gharama, na kuna mtu anayeilipa

Wanajukwaa, salaam.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinipigia simu akaniuliza: "Mjomba, niache kazi nifuate ninachokipenda, au nisubiri?" Sikumjibu palepale, kwa sababu jibu langu ni refu na sehemu yake kubwa ni tarakimu. Nimeona niliandike hapa ili alisome kwa utulivu, na wengine ambao wamekuwa wakiniuliza swali hilohilo walipate kwa pamoja.

Kwa miaka saba nilikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuingiza nyaraka katika mfumo wa forodha wa TRA, kufuatilia namba za makontena na kuhakikisha kwamba ushuru umelipwa kabla gharama za kuchelewesha mzigo hazijaanza kuhesabiwa. Mshahara uliingia kila tarehe 28, bima ya afya ilikuwepo, na michango ya NSSF ilipelekwa bila mimi kuuliza. Sina neno baya juu ya kazi ile, kwani ndiyo iliyoniozesha na kunijengea vyumba viwili Mbagala. Lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona hata mtu mmoja akifungua kile nilichomtolea bandarini. Nilizijua namba za makontena kwa kichwa, ila sikujua kama ndani mlikuwa na vitanda vya hospitali au betri za magari. Jioni nilirudi nyumbani nimechoka, nami sikuwa na kitu cha kumwonyesha mwanangu nikamwambia, hiki nimekifanya leo.

Mwaka 2015 nilianza kwenda Keko kila Jumamosi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua Keko kwa samani: vitanda, makabati na viti vimepangwa kando ya barabara, na nyuma yake kuna mabanda ya mafundi yaliyobanana. Mzee mmoja alinikubali katika banda lake kwa sharti kwamba nisidai posho. Miezi mitatu ya kwanza nilifagia maranda na kupiga msasa. Mwezi wa nne akanipa randa na kipande cha mninga, akaniambia nisukume kwa uzito wa mwili na si kwa nguvu za mikono. Nilikwaruza ubao ule asubuhi nzima, na wakati fulani baada ya adhuhuri randa ikashika: uranda ukatoka mrefu, mwembamba kama ganda la kitunguu, ukajikunja juu ya kidole changu na harufu ya mninga ikapanda. Mzee hakusema kitu, aliuokota tu ule uranda, akautazama kwenye mwanga, akautupa. Siku ile nilipanda daladala ya kurudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja kazini tangu nianze kuajiriwa. Nalieleza jambo hili kwa urefu ili mpwa wangu ajue kwamba siidharau raha ya moyo, kwani ipo kweli, na anayeikosa huijua hata kama hana jina la kuiita.

Mwaka uliofuata nilijifunza upande wa pili. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, watoto wakafurika shuleni, na Rais Magufuli akawapa viongozi wa mikoa na wilaya hadi tarehe 30 Juni kumaliza upungufu wa madawati. Mafundi wa mbao na wa kuchomelea walipata oda ambazo hawakuwa wamezizoea. Mzee wangu, ambaye nilidhani anaishi kwa ajili ya viti vyake vya kunakshi, aliviweka kando akatengeneza madawati kwa miezi mitatu mfululizo. Nilimwuliza kama hachoki kurudia kitu kilekile. Akanijibu kwamba dawati ndilo linalonunua ubao wa kiti. Wakati ule nililisikia kama neno la mtu aliyekata tamaa, na iliniwia vigumu kulisahau baadaye.

Niliacha ajira mwaka 2017, nikiwa na akiba ya miezi mitano, banda la kupanga na imani kwamba mtu akifanya kazi anayoipenda kwa bidii, riziki itamfuata yenyewe. Imani hiyo ilinigharimu sana, na hapa ndipo ninapomwomba mpwa wangu asome polepole.

Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kitanda cha mninga cha futi tano kwa sita. Nilikiuza shilingi 650,000. Mbao zilinigharimu 380,000. Gundi, msasa, skrubu na vanishi 55,000. Kuranda na kupasua kwa mashine ya jirani 30,000. Usafiri hadi Kigamboni 40,000. Nikajiona nimebakiwa na faida ya 145,000, nikanunua nyama nyumbani. Miezi kadhaa baadaye, nilipokaa na daftari kama nilivyokuwa nikikaa na nyaraka za makontena, nikagundua mambo ambayo sikuyaandika. Kijana aliyenisaidia alilipwa 15,000 kwa siku kwa siku sita, yaani 90,000. Pango la banda lilikuwa 120,000 kwa mwezi, sawa na 4,000 kwa siku, na kitanda kilichukua siku tisa, kwa hiyo 36,000. Zilizobaki zilikuwa 19,000. Ukizigawa kwa siku tisa unapata shilingi elfu mbili na mia moja hivi kwa siku, ambazo hazikutosha hata nauli na chakula changu cha mchana.

Kwa maneno mengine, mteja yule hakukinunua kitanda kile kwa thamani yake. Mimi ndiye niliyemlipia sehemu ya bei kutoka kwenye akiba yangu, nami sikujua. Na sikujua kwa sababu nilikuwa na furaha. Raha ya kazi ilinifunika macho nisiione hesabu, na naamini mafundi wengi wazuri, wapishi, washonaji na wachoraji wamefungia maduka yao hapo, huku watu wakisema kwamba kazi za namna ile hazilipi.

Nilipanga bei upya. Nilijiwekea ujira wa 25,000 kwa siku kama vile ninamlipa mtu mwingine, nikaongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vifaa vinavyochakaa na makosa yanayotokea. Kitanda kilekile kikafika 950,000. Katika watu kumi wa kwanza waliouliza bei, saba waliondoka, na mmoja alinitolea maneno makali. Watatu waliobaki walinitosha kwa miezi miwili. Wakati huohuo nilianza kutafuta oda za madawati na meza za shule binafsi, kazi ambayo kwa moyo wangu ni kavu kabisa: vipimo vilevile, mbao za paini, mikato ileile mara themanini. Lakini kila dawati linaniachia 12,000 baada ya kutoa kila kitu pamoja na ujira wangu, na oda moja ya madawati 80 inaweka pango na kodi ya meza, yaani fedha ya chakula nyumbani, mahali salama. Hapo ndipo nikakumbuka neno la Mzee.

Wengine huona kwamba anayefikiria soko anaichafua sanaa yake. Sikubaliani nao. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akafanya vibarua vya kila namna kabla ya kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao mwepesi wa dari, vitu vilivyopatikana kwa bei ndogo, kwa ukubwa ambao mnunuzi angeweza kuubeba mkononi. Sioni kwamba urahisi ule wa rangi na ubao uliwapunguzia uhai wale ndege na chui wake. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kuchora, na hadi leo kuna familia zinazokula kwa mtindo unaoitwa kwa jina lake.

Nikiri pia kosa ambalo hesabu haikuhusika. Mwaka 2018 nilitengeneza kabati kwa mbao ambazo hazijakauka vizuri, kwa sababu mteja alikuwa na haraka nami nilihitaji fedha. Baada ya miezi minne milango ilipinda, viungo vikaachia, na droo zikakwama. Nilirudisha fedha zote, nikalichukua kabati, na kila nikilitazama bandani nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia ofisini. Tangu hapo mbao zangu hukaa kivulini zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, nami sianzi kazi mpaka zimenyamaza. Mbao zilizolala ni fedha zilizolala, kwa hiyo subira hiyo nayo iko ndani ya bei. Vilevile sinunui mninga usio na hati za TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, hata ukiletwa usiku kwa nusu ya bei. Msitu unaokatwa kwa wizi leo utanifanya nikose ubao kesho, na siwezi kusema kazi inanipa amani wakati ubao wenyewe umeibwa.

Mwezi uliopita nilipeleka mlango Chamazi kwa mama mmoja mjane aliyekuwa amejibana kwa mwaka mzima. Tulipoutia bawaba na kuufunga mara ya kwanza, ulikaa kwenye fremu kwa sauti ndogo, bila kusukumwa. Mama aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, kisha akaweka kiganja chake juu ya ubao kama mtu anayempapasa mtoto homa. Hakujua kama ninamwona. Kwa miaka saba bandarini nilikuwa nikiutafuta uso kama ule.

Basi jibu langu kwa mpwa wangu ni hili: kabla hujauliza kama kazi unayoipenda italipa, uliza ni nani atakayeigharamia mpaka ilipe, kisha mwandike kwenye daftari. Naomba michango yenu, hasa ya waliopita njia tofauti na yangu.

*

Mchango wa mwalimu, Tabora

Ndugu mwandishi, nakushukuru kwa kuweka tarakimu, kwani mijadala ya namna hii huwa na maneno mengi na hesabu chache. Nina jambo moja ambalo sikubaliani nalo. Umeandika kana kwamba moyo na mfuko ni lazima vikutane katika kazi moja. Mimi nafundisha kemia katika shule ya sekondari, nami ni mfugaji wa nyuki. Nilianza na mizinga ya magome niliyoachiwa na baba yangu, sasa ninayo ya kisasa 40. Asali inaniingizia fedha mara moja au mbili kwa mwaka, na kuna mwaka mvua zilikuwa mbaya, miti ya miombo haikutoa maua ya kutosha, nikavuna ndoo tatu tu. Kama ningekuwa nawategemea nyuki peke yao, mwaka ule ningeikamua mizinga mpaka tone la mwisho, na nyuki wangekufa njaa au kuhama. Mshahara wa serikali ndio ulioniwezesha kuwaachia chakula chao. Kwa hiyo ualimu unawalinda nyuki wangu dhidi ya shida zangu.

Tumkumbuke pia Shaaban Robert. Kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, karibu na kazi ile uliyoiacha, na baadaye akatumikia idara nyingine za serikali. Tungo zake zilizaliwa pembeni ya kazi ya ofisi. Mpwa wako asidhani kwamba kuacha ajira ni dalili ya kuipenda zaidi kazi ya moyo.

*

Mchango wa kijana, Mwanza

Wakubwa wangu, nimesoma kwa heshima, lakini naomba kusema kwa niaba ya ambao hawajafika kwenye hilo swali. Nilimaliza shahada mwaka 2021. Sasa naendesha bodaboda ya mkataba, natoa hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa mwenye pikipiki, na mkataba utaisha baada ya miezi mitano, ndipo pikipiki iwe yangu. Nyumbani niliambiwa kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, nikakubali. Mtu aliye katika hali yangu akisoma habari za raha ya moyo huona zimeandikwa kwa ajili ya wengine. Ninachokipenda ni injini. Pale kijiweni pikipiki ya mwenzangu ikigoma huitwa mimi, nami husahau hata abiria. Hiyo nayo mnaiita kazi?

*

Jibu la mwandishi

Mwalimu, umenisahihisha na nimekubali. Nimemwandikia mpwa wangu kwamba asome mchango wako kabla ya wangu. Neno lako kuhusu kuwaachia nyuki chakula chao linafanana na mbao zangu zinazokauka: zote mbili zinahitaji mtu ambaye hana njaa ya leo. Wewe subira yako inalipiwa na mshahara, yangu inalipiwa na madawati.

Mdogo wangu wa Mwanza, nimelisoma swali lako mara kadhaa. Ndiyo, ni kazi, na ni wewe unayeigharamia. Saa moja uliyoinama juu ya injini ya mwenzako bila malipo ni abiria wawili au watatu ambao hukuwabeba. Sisemi uwakatalie wenzako, kwani kijiwe ni undugu, na siku moja na wewe utakwama. Nasema andika. Kwa mwezi mmoja, kila ukitengeneza pikipiki, andika tarehe, tatizo, muda na kile ambacho fundi wa gereji angetoza. Daftari hilo litakuonyesha kama una biashara au una ukarimu tu, na vyote viwili ni vyema, ila havilingani mfukoni.

La pili, baada ya miezi mitano ile 10,000 ya kila siku itakuwa yako. Kwa siku 26 za kazi ni 260,000 kwa mwezi. Usipoipangia kazi kabla mkataba haujaisha, itamezwa na maisha ndani ya wiki mbili, kama nyongeza zangu za mshahara zilivyokuwa zikimezwa. Ipangie sasa: sehemu inunue spana na vifaa, sehemu iwe akiba. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani, akapewa cheti bila kuanza darasa la mwanzo. Msaidizi wangu mmoja alipita njia hiyo kwa useremala, na mteja akikiona cheti ukutani hubishana naye kidogo zaidi juu ya bei.

*

Mchango wa mama wa watoto watatu, Morogoro

Nimesoma uzi wote, na hesabu ya kitanda nimeirudia kwa kalamu. Mbao zimo, gundi imo, msaidizi yumo, hata pango la banda limo. Sijauona mstari wa mke.

Mume wangu aliacha kazi ya benki kwenda kufuga kuku wa mayai. Aliniambia kwamba huo ndio wito wake, na mimi nilimwamini. Katika mwaka ule niliuza vitenge vyangu, nikaanza kupika chakula kwa oda, na mtoto wetu mkubwa alihama shule katikati ya muhula. Sasa ufugaji umesimama, tunamshukuru Mungu, na watu wakimtembelea huwaeleza jinsi alivyothubutu. Simwonei wivu. Ila najua kwamba ujasiri ule ulikuwa ukila kutoka kwenye sufuria langu. Wewe umesema ulikuwa na akiba ya miezi mitano, na kwamba bei ulikuja kuipanga baadaye, baada ya kukaa na daftari. Miezi ya katikati nyumbani mlikula nini?

*

Jibu la mwandishi

Dada yangu, nimechelewa kukujibu kwa siku mbili kwa sababu sikutaka kujibu haraka.

Akiba iliisha mwezi wa tano. Bei nilizipanga upya karibu mwaka mmoja na nusu baada ya kuacha ajira. Katika miezi ile, mke wangu alikuwa na genge mbele ya nyumba. Aliamka saa tisa usiku, akaenda soko la Temeke Stereo kuchukua nyanya na vitunguu, akarudi kabla ya watoto kuamka. Kuna asubuhi nilipishana naye mlangoni: yeye anaingia na tenga kichwani, mimi natoka kwenda bandani nikiwa na furaha yangu. Alikuwa akiniuliza kama kitanda cha fulani kimekwisha, nami nilikuwa nikimweleza jinsi ubao ulivyokuwa na mistari mizuri. Alisikiliza. Hakuwahi kuniambia kwamba unga ulikuwa umenunuliwa kwa nyanya.

Nimeandika uzi mzima juu ya kujua ni nani anayeigharamia kazi ya moyo, nikamsahau aliyeigharamia yangu. Jana usiku nilimwomba tukae naye mezani. Nilidhani itakuwa kazi ngumu kukumbuka, kumbe yeye anakumbuka yote: mwezi wa ada, mwezi ambao mdogo aliugua, mwezi aliokopa kwa shoga yake nami sikujua. Tulianza saa mbili, tukamaliza karibu saa sita. Miezi 13. Nimechora mstari chini ya hesabu ya kitanda cha kwanza, nikaandika jumla aliyoitaja, na mbele yake nikaandika jina lake. Alilitazama daftari, akachukua kalamu mkononi mwangu, akasahihisha mwezi wa Machi.